Ignaz Semmelweis, daktari aliyewaomba wenzake wanawe mikono

Katika hospitali kuu ya mji wa Vienna, nchini Austria, karibu miaka 180 iliyopita, kulikuwa na jambo ambalo wamama maskini walilijua mbele ya madaktari. Hospitali hiyo ilikuwa na kliniki mbili za uzazi, moja jirani na nyingine. Siku moja wajawazito walipokelewa katika kliniki ya kwanza, siku ya kufuata katika kliniki ya pili, kwa zamu. Mama aliyefika siku ya kliniki ya kwanza alipiga magoti mbele ya wapokezi na kuwasihi wasimpeleke kule. Wengine walichelewa kwa makusudi mpaka mtoto akazaliwa njiani, kisha wakaja naye mikononi wakisema uchungu uliwashika ghafula.

Walikuwa na sababu. Toka mwaka 1841 mpaka 1846, katika kliniki ya kwanza wamama karibu 10 kwa kila 100 walikufa kwa homa ya uzazi. Katika kliniki ya pili hawakufika 4. Na hata wale waliozalia barabarani, bila daktari wala mkunga, waliugua mara chache kuliko waliozalia katika kitanda cha kliniki ya kwanza.

Tena tuseme wamama hao walikuwa nani. Wengi walikuwa watumishi wa nyumbani na wasichana waliopata mimba bila ndoa. Kliniki zilitoa huduma bure, na mtoto aliweza kupokelewa katika nyumba ya kulelea watoto walioachwa. Kwa upande wao, wamama walipaswa kukubali kupimwa na wanafunzi kama sehemu ya masomo yao. Kwa hiyo watoto waliozaliwa pale walikuwa wanyonge kati ya wanyonge, na mama akifa, mtoto alibaki bila mtu. Watoto wachanga wengi walikufa pia, siku chache baada ya kuzaliwa, na katika kliniki ya kwanza walikufa zaidi kuliko katika ya pili.

Katika kliniki hiyo ya kwanza ndipo alipoingia kijana mmoja wa miaka 28, Ignaz Semmelweis.

Alizaliwa tarehe 1 mwezi wa saba 1818 katika mji wa Buda, ukingoni mwa mto Danube. Ng'ambo ya pili ulikuwako mji wa Pest, na baadaye, mwaka 1873, miji hiyo iliungana kuwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria. Baba yake, József, alikuwa na duka la vyakula na viungo, na biashara yake ilimwezesha kusomesha watoto. Mwaka 1837 Ignaz alitumwa Vienna kusomea sheria. Hakukaa huko muda mrefu. Alihamia masomo ya udaktari, akayamaliza mwaka 1844. Alitamani kufanya kazi katika magonjwa ya ndani ya mwili, nafasi haikupatikana, ndipo akageukia uzazi. Wakati ule uzazi haukuwa kazi ya heshima kubwa kati ya madaktari, na watu walioikimbilia walikuwa wachache.

Mwezi wa saba 1846 aliwekwa kuwa msaidizi wa profesa Johann Klein, mkuu wa kliniki ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kupima wagonjwa asubuhi kabla profesa hajapita, kufundisha wanafunzi, kusaidia kwenye uzazi mgumu na kuandika hesabu. Na kila siku alfajiri, kabla ya hayo yote, alikwenda kwenye nyumba ya maiti kupasua miili ya wanawake waliokufa, apate kujua nini kiliwaua. Alifanya hivyo kwa bidii kuliko wengi. Tukumbuke jambo hilo, kwa sababu litarudi na kumuumiza.

Vifo vilimnyima usingizi. Wengine kliniki ile waliishaizoea: homa ya uzazi huja na kwenda, walisema, ni hewa mbaya ya mji, ni majira, ni nyota. Semmelweis aliona kwamba maelezo hayo hayasimami. Kama ni hewa ya mji, mbona kliniki ya pili, iliyo chini ya hewa ile ile, haifi hivyo? Kama ni msongamano, kliniki ya pili ndiyo iliyosongamana zaidi, maana wamama wote walitaka kwenda kule. Kama ni hofu ya padri aliyepita kati ya vitanda na kengele kwenda kumpa anayekufa sakramenti, basi padri apite njia nyingine bila kengele. Walijaribu, na vifo vikaendelea. Katika kliniki ya pili wamama walizaa wakilala ubavu, katika ya kwanza walilala chali. Walibadilisha, na hakuna kilichobadilika. Tume ilisema ni mikono mizito ya wanafunzi wageni, na idadi ya wanafunzi ikapunguzwa karibu nusu. Vifo vilishuka kidogo, halafu vikapanda kuliko mwanzo. Mwezi wa ine 1847 walikufa 18 kwa kila 100.

Ilibaki tofauti moja. Toka mwisho wa mwaka 1840, kwa amri ya serikali, kliniki ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi wa udaktari tu, na ya pili ilikuwa ya wanafunzi wa ukunga tu. Kabla ya amri hiyo, waliposoma wakichanganyika, vifo vilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Lakini tofauti ile ilimaanisha nini, Semmelweis hakuweza bado kusema.

Jibu lilimjia kwa njia ya msiba. Mwezi wa tatu 1847 alikuwa amekwenda Venice kupumzika. Aliporudi alipata habari kwamba rafiki yake, profesa Jakob Kolletschka, amekufa. Kolletschka alikuwa akifundisha kupasua maiti, mwanafunzi mmoja akamchoma kidole kwa kisu kwa bahati mbaya. Alipata homa, mwili ukavimba ndani, akafa. Semmelweis aliomba kusoma maandishi ya upasuaji wa mwili wa rafiki yake. Alichokisoma alikuwa amekiona mamia ya mara: usaha ule ule, uvimbe ule ule. Ndivyo ilivyokuwa katika miili ya wamama, na ndivyo ilivyokuwa katika miili ya watoto wachanga waliokufa, wa kike na wa kiume. Sasa, mtoto mchanga wa kiume hana tumbo la uzazi. Kolletschka hakuwa mama mzazi. Kwa hiyo ugonjwa huo haukuwa wa kuzaa. Kitu fulani kiliingia mwilini, na kwa Kolletschka kisu ndicho kilichokiingiza.

Na kwa wamama je? Hapo Semmelweis alitazama mikono yake.

Madaktari na wanafunzi walitoka kwenye nyumba ya maiti wakaenda moja kwa moja kupima wajawazito. Walinawa, ndiyo, lakini kwa maji na sabuni tu, na harufu ya maiti ilibaki mikononi mpaka jioni. Wanafunzi wa ukunga katika kliniki ya pili hawakupasua maiti. Siri yote ilikuwa hapo. Zamani, chini ya profesa Johann Boër, ambaye hakutaka kufundishia juu ya maiti, vifo katika hospitali hiyo vilikuwa karibu 1 tu kwa 100. Vilipanda baada ya mwaka 1822, Boër alipoondolewa na Klein akaleta mafundisho mapya. Elimu iliongezeka, na wamama wakafa zaidi.

Watu wa siku zile hawakujua vijidudu. Semmelweis alifikiri ni vipande vidogo vya maiti, visivyoonekana, vinavyoshika kwenye ngozi. Alitafuta dawa itakayoua ile harufu, maana alihesabu kwamba palipo harufu pana kile kitu. Alichagua klorini. Katikati ya mwezi wa tano 1847 aliweka beseni la maji ya klorini mlangoni mwa kliniki, pamoja na burashi ya kucha, akaagiza kila anayeingia, profesa au mwanafunzi, anawe humo kabla ya kumgusa mama yeyote. Baadaye alibadilisha, akatumia chokaa yenye klorini kwa sababu ilikuwa na bei ndogo. Hiyo ndiyo dawa yote: beseni, burashi, chokaa na mtu wa kusimamia.

Mwezi wa sita walikufa wamama 2 kwa 100. Mwezi wa saba, 1. Mwaka mzima wa 1848 kliniki ya kwanza ilipoteza wamama kidogo zaidi ya 1 kwa 100, karibu sawa na kliniki ya pili, na kulikuwa na miezi miwili, wa tatu na wa nane, ambayo hakufa hata mmoja.

Lakini kabla ya kufika hapo kulikuwa na somo lingine, na kwa wale wanaotunza watoto hospitalini leo pengine ndilo kubwa kuliko la kwanza. Mwezi wa kumi 1847 alilazwa mama mmoja mwenye kansa ya tumbo la uzazi, inayotoa usaha. Alipewa kitanda cha kwanza. Madaktari walikuwa wamenawa klorini vizuri mlangoni. Walimpima huyo kwanza, wakanawa kwa sabuni tu, wakaendelea na wengine kitanda kwa kitanda. Katika wamama 12 waliokuwa wakizaa wakati huo, 11 walikufa. Ndipo Semmelweis alipofahamu kwamba uchafu unaoua hautoki kwa maiti peke yake. Mgonjwa aliye hai anautoa pia, na unasafiri kwa mkono kutoka kitanda hadi kitanda. Kunawa mara moja mlangoni hakutoshi. Toka siku hiyo aliagiza klorini itumike pia baada ya kila mgonjwa wa namna ile.

Yeyote aliyeingia katika chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati anaweza kuona kwa nini habari hii inatugusa. Vitanda viko karibu karibu. Pengine watoto wawili wanalala katika kitanda kimoja. Muuguzi mmoja, usiku, ana watoto kumi na zaidi: huyu anabadilishiwa nguo, yule anawekewa mpira wa maziwa puani, mwingine anachomwa sindano ya maji. Ngozi ya mtoto wa kilo moja na nusu ni nyembamba kama karatasi, kitovu bado ni kidonda, na mwili wake haujajifunza kupigana. Kile ambacho mkono wa mtu mzima unakibeba bila kuugua kinaweza kumwua kwa siku mbili. Na mikono haiji ya wauguzi peke yao. Inakuja ya bibi mzaa mama, ya ndugu wanaomlinda mgonjwa, na ya sisi tunaokwenda Jumapili alasiri kuombea wagonjwa na kuwawekea watoto mikono juu ya kichwa.

Mtu angedhani kwamba baada ya hesabu ile Vienna yote ingeshangilia. Wakubwa watatu wa hospitali walimwunga mkono: Skoda, Rokitansky na Hebra, na Hebra ndiye aliyeandika habari hiyo kwanza katika gazeti la madaktari, mwisho wa mwaka 1847. Lakini profesa Klein hakupendezwa, na wengi walikuwa upande wake. Tuwaelewe kidogo kabla ya kuwahukumu. Kukubali maneno ya Semmelweis kulikuwa kukubali kwamba kwa miaka mingi wewe, mtu msomi na mheshimiwa, uliwaua wamama kwa mikono yako uliyodhani inaponya. Daktari Gustav Michaelis wa mji wa Kiel, Ujerumani, alikubali. Alianza kunawa klorini, akaona vifo vinashuka, akafahamu maana yake. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amemzalisha binamu yake, naye alikuwa amekufa kwa homa ile. Mwezi wa nane 1848 Michaelis alijitoa uhai. Wengine waliona afadhali kutokukubali.

Semmelweis mwenyewe hakujitoa katika hesabu hiyo. Aliandika wazi katika kitabu chake kwamba yeye aliyeshughulika na maiti kuliko karibu wenzake wote alikuwa amewaua wagonjwa wengi, na idadi yao anaijua Mungu. Ni wachache kati ya watu wenye cheo walioandika jambo kama hilo kwa jina lao.

Mwaka 1848 ulikuwa pia mwaka wa mapinduzi katika Ulaya. Wahungaria waliinuka dhidi ya utawala wa Vienna, na Mhungaria katika ofisi za Vienna hakutazamwa kwa jicho zuri. Mwezi wa tatu 1849 muda wa kazi wa Semmelweis ulikwisha, na haukuongezwa. Aliomba ruhusa ya kufundisha. Alipoipata, mwaka 1850, iliandikwa kwamba afundishe kwa mwanasesere wa mafunzo tu. Alikasirika. Baada ya siku chache aliondoka Vienna kwenda Pest, hata wale rafiki waliompigania hakuwaaga. Hapo, kwa maoni yetu, alikosea. Aliwaacha watu watatu wenye nguvu ambao wangeweza kulibeba neno lake mbali. Na mrithi wake katika kliniki hakuamini habari ya mikono, akahesabu sababu nyingine nyingi za homa. Miaka iliyofuata vifo vikapanda tena.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Hakuandika. Alikuwa na hesabu za miaka, alikuwa na jibu, na kwa zaidi ya miaka kumi hakulitoa katika kitabu. Hakupenda kushika kalamu, na alidhani ukweli ulio wazi namna ile utajitembeza wenyewe. Kwa hiyo madaktari wa miji mingine walisikia habari nusu nusu. Wengi walidhani anasema juu ya maiti tu, wakajibu kwamba kwao watu wanakufa bila mtu kupasua maiti. Somo la yule mama wa kitanda cha kwanza halikuwafikia.

Pest ilimpa miaka ya utulivu. Toka mwaka 1851 aliongoza chumba cha uzazi katika hospitali ya Mtakatifu Rochus, bila mshahara. Alikuta homa imejaa. Katika miaka sita wamama 933 walizaa chini ya uangalizi wake, na homa ya uzazi iliwaua 8. Mwaka 1855 alifanywa profesa wa chuo kikuu cha Pest. Kliniki ya chuo ilikuwa vyumba vibovu, vyenye joto na harufu. Hapo alipata adui mpya: mashuka. Mwenye kazi ya kufua alipewa kazi kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo, na mashuka yalirudi na damu na uchafu wa wamama waliotangulia. Homa ilipanda ingawa mikono ilikuwa safi. Semmelweis aligombana na uongozi mpaka mashuka yakafuliwa inavyopasa, na homa ikashuka. Wasimamizi wa hospitali zetu wanaotafuta mahali pa kupunguza gharama wangesoma ukurasa huo wa maisha yake mara mbili.

Mwaka 1857 alimwoa Maria Weidenhofer, binti aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka karibu 19. Walizaa watoto watano. Wawili wa kwanza walikufa wakiwa wachanga, wakabaki watatu. Mtu aliyepigania maisha ya watoto wachanga wa wengine alizika wawili wa kwake.

Kitabu chake kilitoka hatimaye, na mwaka 1861 ndio ulioandikwa juu yake. Ni kirefu, kinajirudia, kimejaa meza za hesabu, na mahali pengi kina hasira. Wakubwa wa Ulaya walikisoma vibaya au hawakukisoma. Ndipo Semmelweis alipoanza kuwaandikia barua za wazi, akizichapisha ili kila mtu azione. Aliwaita maprofesa kwa majina yao, akawaambia kwamba ni wauaji, na kwamba wanafunzi wao wanakwenda nchini kuua. Kwa habari ya hesabu alikuwa na haki. Kwa habari ya njia, hakuna aliyenawa mikono kwa sababu ya barua ile. Mtu akiitwa mwuaji mbele ya watu hujitetea, na anayejitetea hasikii.

Hilo swali la njia halikuishia kwa Semmelweis. Leo hakuna muuguzi asiyejua kwamba mikono hubeba ugonjwa, na bado, hata katika hospitali tajiri, wafanyakazi hawanawi kila wanapopaswa. Huko Geneva, Uswisi, daktari Didier Pittet na wenzake walihesabu jambo hilo toka mwaka 1994. Walisimama wakatazama, wakaona kwamba wafanyakazi wanasafisha mikono mara 48 kwa kila mara 100 zinazohitajika. Waliona pia kwamba si uvivu. Kunawa vizuri kwenye bomba huchukua dakika nzima na zaidi, bomba liko mbali, na muuguzi mwenye wagonjwa wengi angepoteza sehemu kubwa ya saa yake akitembea kwenda na kurudi. Basi waliweka chupa ya dawa ya alkoholi kando ya kila kitanda, ambayo mtu anaipaka na kuisugua nusu dakika hivi mpaka ikauke. Walitundika mabango yaliyotengenezwa na wafanyakazi wenyewe. Waliendelea kuhesabu, na matokeo wakawaonyesha wauguzi na madaktari bila kumtaja mtu. Mkurugenzi alisimama pamoja nao. Kufika mwisho wa mwaka 1997 hesabu ilikuwa 66 kwa 100, na wagonjwa walioambukizwa ndani ya hospitali walishuka kutoka karibu 17 kwa 100 mpaka karibu 10. Hakuna aliyeitwa mwuaji.

Kazi hiyo ndiyo iliyozaa mafundisho ya Shirika la Afya Duniani yanayojulikana katika hospitali nyingi: kusafisha mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi kama kuchoma sindano, baada ya kugusa damu au uchafu wa mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa kitanda na vitu vyake. Mikono inayoonekana kuwa michafu hunawa kwa maji na sabuni. Isiyoonekana na uchafu, alkoholi inatosha. Shirika lilitoa pia namna ya kuitengeneza dawa hiyo mahali penyewe, kwa alkoholi, gliserini, maji yaliyochemshwa na oksijeni ya dawa kidogo. Bamako, nchini Mali, waliitengeneza kwa alkoholi ya miwa. Kwa hospitali ambayo maji yanafika kwa bidoni kichwani mwa mtu, chupa hiyo kando ya kitanda cha mtoto si anasa. Watu wa Beni, Butembo na Mangina hawahitaji kuhubiriwa juu ya ndoo ya klorini. Ndoo hiyo ilisimama mlangoni mwa makanisa na masoko wakati wa Ebola, toka 2018 mpaka 2020, na ni klorini ile ile ya beseni la Vienna.

Turudi kwa Semmelweis. Kufika mwaka 1865 akili yake ilikuwa imeanza kuvurugika. Alisahau mambo, alikasirika bila sababu, kila mazungumzo aliyarudisha kwenye homa ya uzazi. Mkewe na rafiki zake walishauriana. Mwisho wa mwezi wa saba walimsafirisha mpaka Vienna, na Hebra, rafiki wa zamani, akamwambia wanakwenda kutazama hospitali yake mpya. Nyumba waliyofika ilikuwa ya wagonjwa wa akili. Alipofahamu alitaka kutoka. Walinzi walimpiga, wakamfunga katika shati la kuzuia mikono, wakamweka chumba cha giza. Alikuwa na kidonda, kikaoza, uchafu ukaingia katika damu. Tarehe 13 mwezi wa nane 1865 alikufa, mwenye miaka 47, kwa ugonjwa wa jamaa moja na ule aliopigana nao maisha yake yote. Waliohudhuria maziko walikuwa wachache.

Siku moja kabla ya kifo hicho, tarehe 12, katika mji wa Glasgow, Uskoti, daktari Joseph Lister alifunga mguu wa mtoto wa miaka 11 aliyevunjwa na gari la farasi. Kidonda alikifunika kwa kitambaa chenye asidi ya kaboliki, na kilipona bila kuoza. Lister alikuwa amesoma maandishi ya Louis Pasteur wa Ufaransa juu ya vijidudu. Mwaka 1879 Pasteur mwenyewe alisimama katika mkutano wa madaktari Paris, akachora ubaoni mfano wa kijidudu cha homa ya uzazi, vidoa vidogo vilivyofuatana kama shanga. Kile ambacho Semmelweis alikitambua kwa pua na kwa hesabu, sasa kilionekana kwa macho.

Mifupa yake ilihamishwa kutoka Vienna kwenda Budapest mwaka 1891. Tangu 1964 imelazwa katika nyumba ile ile alimozaliwa, ambayo sasa ni jumba la makumbusho ya udaktari, na chuo kikuu cha udaktari cha mji huo kina jina lake.